Plagi Sita za Clem Trezise

Kwa miaka thelathini na moja, plagi za kuwashia injini ya gari la Clem Trezise hazikuguswa na mtu mwingine ila Mervyn Bray. Kila Septemba, kabla ya msafara wa magari ya kale wa mji wa Moonta, kusini mwa Australia, Mervyn alichagua plagi sita na vipuri vingine vya moto, pointi na kondensa, akaenda kwa rafiki yake na kuvifunga kwa mikono yake, huku Clem akimmulikia taa na kumpigia porojo. Gari hilo, Holden ya mwaka 1964, lilikuwa la Clem kwenye karatasi tu. Moto wa injini, alivyoona Mervyn, ulikuwa wa Mervyn.

Mwaka huu alifika na mfuko wake wa vipuri mkononi, akakuta boneti imeshafunguliwa. Mwanamke mwenye mvi fupi alikuwa ameinamia injini.

"Merv! Karibu bwana," Clem alisema kwa furaha. "Huyu ndiye Voula Karydis, yule mgeni wa klabu yetu ya magari. Ametengeneza injini za boti miaka arobaini kule Port Adelaide. Kanifungia plagi mpya."

Mervyn aliusogeza mfuko wake nyuma ya paja. Akaokota boksi tupu lililokuwa juu ya meza, akasoma namba.

"Mama, hizi ni plagi za joto. Injini hii tunaitia za baridi siku zote. Utaitoboa pistoni!"

"Za baridi ni za gari linalokimbizwa na kuvutishwa mzigo," Voula akamjibu bila ukali. "Hebu tazama hizi nilizozitoa."

Plagi sita zilikuwa zimepangwa juu ya gazeti, nyeusi tititi kama matako ya sufuria.

"Nilimuuliza siku hizi anaendesha kwenda wapi," Voula aliendelea. "Akasema dukani na makaburini, basi. Kwa safari fupi hivyo plagi ya baridi haipati joto la kuchoma masizi yake. Ndiyo maana gari lilikuwa linakohoa."

Makaburini. Noreen, mke wa Clem, alikuwa ameaga dunia mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Mervyn alibeba jeneza, akala maandazi ya matanga, kisha akarudi kwake. Tangu hapo hakuwahi kumuuliza Clem anakwenda wapi wala anakula nini. Alikuwa bado anamchagulia plagi yule Clem wa zamani, aliyekuwa akivuta boti hadi pwani ya Edithburgh kwa kasi ya kichaa. Mwanamke huyu alisema kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma.

"Haya, tutaona Jumamosi," akasema, akaondoka na mfuko wake.

Wiki ile wivu haukumpa usingizi. Alipita mbele ya nyumba ya Clem mara tatu, na mara mbili aliliona gari dogo la buluu la Voula limeegeshwa chini ya dirisha la jikoni. Mkewe Glenys alimwekea mezani pasti ya moto, andazi la nyama na viazi. Akaikatakata bila kuila.

"Hata ungekuwa mwanamke aliyeporwa mume usingenuna hivi," Glenys alimwambia.

"Nani kanuna?"

"Basi hiyo pasti imekukosea nini?"

Ijumaa aliingia bandani kwake, akapekua boksi la vipuri vibovu mpaka akapata alichokitaka: rota, kile kipande kidogo kinachozunguka ndani ya distribyuta kikigawa moto kwa kila plagi. Kwa macho ilikuwa nzima. Lakini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na moto wote ulipotelea humo.

Jumamosi asubuhi magari ishirini na mawili yalijipanga mbele ya ukumbi wa klabu, maboneti wazi, wenyewe ndani wakinywa chai. Mervyn alisimama kando ya Holden. Akafyatua vibanio viwili vya kifuniko cha distribyuta, akachomoa rota nzuri, akachomeka mbovu, akarudisha kifuniko. Haikuchukua hata dakika.

Saa ya kuondoka ilipofika, magari yote yaliwaka isipokuwa moja. Clem alizungusha ufunguo, injini ikagumia tu. Voula akakimbilia pale, akagusa nyaya, akatikisa kichwa.

"Ni kosa langu, Clem. Nimechagua vibaya."

Mervyn aliyameza maneno hayo kama asali. Akakunja mikono ya shati. "Niachieni mie niangalie."

"Hapana, ndugu yangu, usiukose msafara kwa ajili yangu," Clem akamwambia. "Tutaliangalia tukirudi. Voula, una nafasi kwako?"

Akaingia kwenye lile gari dogo la buluu, akafunga mlango. Walipokata kona Mervyn alisikia kicheko cha rafiki yake, kile cha kukwamia kooni, ambacho hakikuwa kimesikika tangu Noreen aondoke.

Uwanjani yakabaki magari mawili tu, la Mervyn na Holden. Mervyn alibaki na rota nzuri mfukoni, ufunguo wa Clem ukining'inia palepale ndani ya gari. Akairudisha mahali pake, ile mbovu akaitia mfukoni, akaketi kwenye usukani. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia laini, haikohoi wala haisiti. Kwa miaka thelathini na moja yeye hakuwahi kuifanya ilie hivyo.

Aliwakuta njiani, katika mji wa Maitland, wamesimama kwa chai. Watu walipoiona Holden inaingia walipiga makofi.

"Nilijua tu!" Clem alipaza sauti. "Hakuna kama Merv!"

Voula akaja mbio, daftari mkononi. "Niambie, nilikosea wapi? Nataka nijifunze."

Hapo angeweza kusema lolote, na wote wangeamini. Aliutazama uso wa yule mama, haukuwa na hila hata chembe. Akatoa mfukoni rota mbovu.

"Hukukosea. Hii niliiweka mimi."

Clem aliichukua rota, akaigeuza juani mpaka akauona ufa.

"Wewe, Merv?"

"Mimi."

"Kwa sababu ya plagi?"

Clem akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo wangu. Mwaka mzima, bwana, hukubisha hodi hata mara moja. Umekuja Septemba na plagi."

Voula ndiye aliyemrudisha Mervyn Moonta siku ile. Karibu na mji Voula alisema, "Hata mimi ningeumia," na Mervyn akatazama mashamba ya ngano nje.

Jumanne ya wiki ya tatu baada ya msafara Mervyn alikwenda kwa Clem bila boksi la vifaa, amebeba pasti mbili za Glenys. Alibisha, akangojeshwa mlangoni kitambo, kisha akafunguliwa. Walikula wakiongea habari za mvua. Jumanne iliyofuata akaenda tena. Gari la buluu lilikuwepo chini ya dirisha, na wivu ukamrudia kama mwanzo. Akabisha hodi.