Kiapo cha Chumba cha Pasi

Jumatano, tarehe tisa Julai. Kulipambazuka kwa manyunyu na baridi ya kuuma masikio, ile inayomfanya mtu aitazame ndoo ya maji ya kuoga kama anayemtazama adui. Wafanyakazi wa chumba cha kufulia, chini kabisa ya hoteli, waliingia wamejikunyata, na kila mmoja akakimbilia upande wa pasi kuota joto. Isipokuwa mmoja. Bi Harusi aliingia akitoka jasho.

Walimwita Bi Harusi kwa sababu ndoa yake ilikuwa na miezi minane tu, na kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Aliyemtafutia kazi ile alikuwa Mama Pasi, ambaye alikuwa amenyoosha mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na tisa. Mume wa Bi Harusi, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa mdogo wake Mama Pasi, tumbo moja. Basi wanawake hao wawili waliitana wifi, na walitaniana kama mawifi, asubuhi hadi jioni.

"Wifi, umelala kwenye tanuri?" aliuliza Mama Pasi.

"Nimetembea haraka."

"Kutoka wapi? Jehanamu?"

Wenzao wakacheka. Mkunja taulo, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo, akadakia: "Mwacheni, hiyo mimba. Mimba nyingine huwaka hivyo."

"Mimba gani ya kukondesha?" akajibu mwingine kutoka kwenye mashine. "Mtu anaisha kama kipande cha sabuni!"

Mama Pasi naye alicheka, lakini kicheko kiliishia menoni. Yeye alijua.

Wiki mbili nyuma, alikuwa akikagua mifuko ya makoti ya kazi kabla ya kuyatia majini. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ufuaji: mfuko kwanza, maji baadaye. Katika koti la wifi yake alikuta kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge vya ganda, unga wake wa manjano kama binzari. Havikuwa na jina wala tarehe, wala hata karatasi ya kusema vimetoka wapi.

"Ni vya kupunguza mafuta," alisema Bi Harusi, akimvutia nyuma ya rafu za mablanketi. "Nimepewa na msusi wangu wiki iliyopita. Hata yeye anameza, wifi, mwangalie alivyopendeza!"

"Na wewe una mafuta gani ya kupunguza?"

"Sketi za mapokezi zina saizi moja. Wewe si ndiye unayezinyoosha? Umewahi kuniona nikiingia humo?"

Sketi zile Mama Pasi alizijua. Kila alipozitundika alijiuliza zilishonewa wanawake au miti ya kutundikia. Lakini alijua pia jinsi wifi yake alivyotamani kutoka kwenye mvuke ule, apande ghorofani akawasalimu wageni kwa sauti yake nzuri.

"Usimwambie mume wangu. Usimwambie mtu yeyote. Apa."

Na Mama Pasi, mwanamke asiyewasha pasi kabla hajapiga magoti kando ya meza yake, akaapa. "Haki ya Mungu, siri hii haitatoka kinywani mwangu." Alidhani ameshikizwa jambo dogo, kama mtu anayeshikizwa mtoto wa mwenzake kwenye foleni ya zahanati. Kumbe mama wa mtoto hakuwa na mpango wa kurudi upesi.

Sasa, asubuhi hiyo ya baridi, msimamizi alishuka ngazi na koti jeupe la kazi mkononi.

"Nani anakula binzari juu ya nguo za hoteli? Angalieni kola hii! Angalieni makwapa!"

Mama Pasi alilipokea koti. Madoa yalikuwa ndiyo kazi yake. Damu aliitoa kwa maji baridi, kutu kwa ndimu, wino kwa spiriti. Hili alilipaka sabuni, akalipaka ndimu, akalisugua hadi vidole vikauma, na likabaki palepale, manjano kavu. Akaligeuza koti ndani nje. Doa lilikuwa limekolea zaidi ndani. Koti halikumwagikiwa na kitu. Doa lilitoka mwilini.

Alipoinua macho, Bi Harusi alikuwa amesimama dirishani, kichwa kwenye manyunyu, mdomo wazi, anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tano. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia umanjano.

"Wifi," alisema Mama Pasi kwa sauti ya chini, "umemeza vingapi leo?"

"Usaili wa mapokezi ni Ijumaa," alijibu Bi Harusi. "Nimeongeza kidogo tu." Kisha akaanguka.

Gari la hoteli liliwafikisha hospitali. Daktari, mwanamke kijana aliyefunga saa yake kifuani, alimpima joto akatazama kipimo mara mbili. Digrii arobaini na nusu. Akashika mkono wa mgonjwa, akahesabu mapigo, uso ukabadilika.

"Umetumia dawa yoyote?"

"Hapana," alisema Bi Harusi. "Ni malaria tu. Kila baridi ikija mimi hushikwa na malaria."

Muuguzi akaanza kutayarisha dawa ya homa. Bi Harusi alimvuta Mama Pasi karibu, mkono wake ukiwa moto kama mpini wa sufuria. "Umeapa, wifi," alinong'ona.

Mama Pasi alitolewa nje. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi zilikuwa hatua kumi na moja. Alizihesabu kwenda, akazihesabu kurudi. Alikaa, akasimama. Alikunja kanga yake, akaikunjua. Alijaribu kusali, na kila alipoanza, sala ilikatika katikati kama uzi uliooza. Ee Mungu, unajua nimelitaja jina lako. Nikisema, nitakuwa mwongo mbele zako. Nisiposema... Hapo uzi ulikatika. Akaanza tena. Hatua kumi na moja. Alisubiri ajibiwe, kama alivyojibiwa siku nyingine, kwa ule utulivu unaoshuka kifuani. Siku hiyo haukushuka. Alichosikia ni pumzi za wifi yake kupitia mlangoni, za haraka, fupifupi, kama za mbwa kwenye jua.

Ndipo alipojiona alivyo. Jina la Mungu amelifanya kufuli, akalipiga mlangoni, na ndani mna mtu anaungua.

Akausukuma mlango.

"Daktari, si malaria. Anameza vidonge vya kupunguza mafuta. Vya manjano. Wiki tatu sasa, na leo ameongeza."

"Wifi!" Bi Harusi alilia kutoka kitandani.

"Viko wapi?" aliuliza daktari.

Mama Pasi aliufungua mkoba wa wifi yake, akatoa kifuko. Daktari alifungua kidonge kimoja, akautazama unga, akamzuia muuguzi kwa mkono. "Acha hiyo. Leta barafu, dripu baridi na mashuka. Haraka!"

"Si vinachoma mafuta tu?" Mama Pasi aliuliza, kama anayetafuta mahali pa kushika.

"Havichagui, mama. Vinauchoma mwili mzima. Jiko unaweza kulipunguza moto. Hivi vikishaingia hakuna pa kupunguzia. Moyo unakimbia, figo zinachoka, ubongo unachemka. Wengine hupoteza hata macho."

"Na dawa ya kuviondoa?"

"Haipo. Tunampoza na tunasubiri. Mwaka huu nimepokea wanawake wawili wa namna hii. Mmoja alitoka hapa kwa miguu yake."

Mama Pasi hakuuliza habari za yule wa pili. Alikunja mikono ya gauni. "Nipeni hayo mashuka. Hii ndiyo kazi yangu."

Basi alichovya mashuka kwenye maji ya barafu, akayakamua, akamfunika wifi yake, akayatoa yakiwa vuguvugu, akachovya tena. Bi Harusi alipayuka, akaita mama yake, akamsukuma. Vidole vya Mama Pasi vilikufa ganzi. Hapo, bila kupanga, sala ikamtoka bila kukatika: Mpoze. Mpoze. Mpoze.

Mdogo wake, mume wa mgonjwa, alifika mchana, rangi ya ukuta ingali nyweleni, akaelezwa na daktari.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Alimtazama dada yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa kitanda, mbali naye. Mama Pasi alichovya shuka.

Alasiri kipimo kilisoma thelathini na tisa. Baadaye kidogo, thelathini na nane na nusu. "Hatujavuka," alisema daktari. "Lakini ng'ambo tunaiona."

Bi Harusi alifumbua macho. Yalimtafuta Mama Pasi kwanza.

"Umesema."

"Nimesema."

"Uliapa."

"Niliapa. Kwa Mungu nitajibu mwenyewe. Nisingeweza kujibu kwa mama yako, nikiwa nimekaa msibani na siri yangu mfukoni."

Bi Harusi aligeuza uso ukutani. Daktari akavuta kiti. "Nahitaji kujua ni nani anayeviuza, na ni nani mwingine anayevimeza."

Bi Harusi akavuta shuka hadi shingoni.

"Sema, mke wangu," alisihi mume.

"Ni rafiki yangu. Alisimama upande wangu siku ya harusi yetu. Nimpeleke polisi?"

Simu ililia mkobani. Mama Pasi aliitoa, akaona ujumbe, akasita. Siku hiyo alikuwa ameshafungua ya kutosha. "Ni msusi," alisema. "Niusome?"

Bi Harusi hakukataa. Mama Pasi akausoma, neno kwa neno: "Shoga, mbona hupatikani? Mwenzio leo nawaka joto, nimefungua madirisha yote na baridi hii. Moyo unanidunda. Kwako vipi?"

Ukutani hakukuwa na kitu cha kutazama, lakini Bi Harusi aliendelea kuutazama. Mabega yake yalianza kutikisika. Kisha akageuka, akanyoosha mkono uliokuwa na sindano ya dripu.

"Nipe simu. Wewe bado sijakusamehe, usidhani."

"Sijaomba," alisema Mama Pasi, akampa.

Bi Harusi aliishika kifuani. Akamtazama mumewe, akamtazama daktari, akamtazama muuguzi aliyesimama mlangoni na ndoo, mwisho akamtazama wifi yake. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini wote waliisikia.

"Nasema mbele yenu wote. Nampigia sasa hivi aje hapa atibiwe. Akikataa, daktari, nitakuelekeza nyumba yake, na leo hii nitakutajia majina ya wengine watano wanaovimeza, mmoja mmoja, hata wakinichukia maisha yangu yote. Naahidi, na Mungu anasikia."