Nafasi ya Vidole Viwili

Kila asubuhi, kabla mjomba hajafika, mimi hutandika turubai kwenye ukingo wa shimo la kukagulia magari na kupanga spana: nane, tisa, kumi, mpaka ishirini na nne. Hakuna aliyenituma. Nikimaliza spana hufungua daftari la kazi, naandika tarehe, kisha naweka maji ya chai jikoni. Ni nusu saa ninayoipenda kuliko saa zote za kazi, kwa sababu hakuna mtu wa kuniambia, "Umesemaje? Hebu toa sauti."

Siku hiyo nilikuwa nimeshika kumi na saba niliposikia trekta langoni. Lilikuwa linavuta gari la kliniki, lile jeupe linalopanda vijijini, na nyuma yake matone meusi ya oili yalifuatana toka barabarani mpaka uani kwetu.

Kwenye usukani wa gari alikuwa Taratibu. Ndivyo tunavyomwita dereva wa kliniki, na jina hilo amelipata kihalali. Huyu ni mtu anayewasha indiketa hata akiwa peke yake barabarani. Mchomeleaji wetu husema kuku wakiliona gari la Taratibu huvuka, kisha hurudi kuchukua walichosahau.

Alishuka, suruali imekakamaa udongo mpaka magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Sampo imepasuka."

Sampo ni lile beseni la chuma chini ya injini, linaloshika oili. Likipasuka oili humwagika yote, na ukiendelea kuendesha hata dakika chache, injini imekufa.

"Imepasukia wapi?"

"Kule kwenye mteremko wa mto mkavu, jana alasiri. Jiwe lenyewe dogo, kama mkate. Nilikuwa gia ya kwanza, mwanangu, natambaa. Na ndani nina mama ameshikwa na uchungu."

"Mama yuko wapi?"

"Tulimbeba kwa machela, zaidi ya saa mbili kwa miguu. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nikarudi kulala garini nisije nikaibiwa betri." Alifuta uso kwa kiganja. "Ila mkunga hataki hata kuniangalia."

"Na bamba la kinga?"

"Lipo! Hicho ndicho kinachonishangaza. Lipo palepale, halina hata mkunjo."

Nilihisi spana imekuwa ya baridi mkononi. Nilijua. Sikuhitaji kuingia chini ya gari ili nijue.

Wiki tatu kabla ya hapo, gari hilohilo lililetwa kwetu lifungwe bamba, ile sahani ya chuma inayokaa chini ya injini ili mawe yaigonge yenyewe badala ya sampo. Mjomba ndiye mwenye karakana. Akaniambia, "Haya, Chuo, ingia kazini." Chuo ndilo jina langu pale, tangu nirudi na cheti cha ufundi magari.

Nililala chini ya gari asubuhi nzima. Nilikata boksi la sabuni nikapata umbo kamili: hapa pana ekseli, hapa bomba la moshi, hapa tundu la kumwagia oili kuukuu ili mtu asilazimike kufungua bamba zima kila akibadilisha oili. Taratibu alitaka alumini kwa sababu ni nyepesi na haipati kutu. Nikamweleza kwamba mawe ya kule ni makali, na alumini ikikutana nayo huchimbika na kung'ang'ania, wakati chuma huteleza. Tukakubaliana chuma. Mjomba alikuwa na kipande kizuri cha tangi la maji lililobomolewa, unene wa milimita tatu. Nikasema kitafaa, mradi kikunjwe mistari mitatu kwa urefu ili kisipinde, ukingo wa mbele uinuliwe kama ncha ya kiatu, na boliti zishike kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, tu, wala si kwenye injini.

Na jambo la mwisho nililiandika kwenye kadi ya kazi kwa kalamu nyekundu nikalipigia mstari: kati ya bamba na sampo, acha nafasi ya vidole viwili. Chuma kikipigwa na jiwe hubonyea kidogo kisha hurudi. Lazima kiwe na mahali pa kubonyea.

Mjomba alifanya yote, isipokuwa hilo.

"Vidole viwili? Gari litaonekana limeota kitambi! Litakwaruza kila tuta," alisema, na mchomeleaji akacheka. Wakalibana bamba juu kabisa.

Tulipolijaribu barabarani likaanza kulia, zzzzz, mpaka meno yanawasha, maana injini hutikisika na bamba limetulia, na vilikuwa vinagusana. Dawa yake ni kulishusha. Washa nne nene, zile pete za chuma, kwenye boliti nne, robo saa, basi. Badala yake mjomba akakata kipande cha tairi kuukuu, akanipa.

"Pachika hapo katikati. Mkono wako mwembamba unapita."

Nikakishika. Nilijua kwamba kipande hicho kitafanya bamba na sampo kuwa kitu kimoja, na kwamba jiwe likigonga chini, litakuwa limegonga juu.

"Mjomba, lakini..."

"Umesemaje?"

"Hamna."

Nikakipachika. Kelele ikaisha. Mjomba akapiga boneti kwa furaha. "Limenyamaza! Kama mpwa wangu." Wote tukacheka. Hata mimi nilicheka, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile uso unanichoma.

Basi asubuhi hiyo mjomba alifika, akachungulia chini ya gari kwa muda wa kumeza mate, akasimama akijipangusa magoti.

"Mwendo," alisema.

Taratibu akageuka nyuma, kama vile anayeambiwa yuko nyuma yake. "Fundi... mwendo wa nani?"

"Wako. Bamba langu si hilo lipo? Halijang'oka, halijapinda. Kwa hiyo aliyegonga amegonga kwa nguvu."

"Taratibu akimbize gari?" mchomeleaji alidakia. "Labda lilikuwa linavutwa." Kisha akaona jicho la mjomba, akaanza kutafuta kitu kwenye sanduku la nyaya ambacho hakikuwamo.

Taratibu hakubisha. Ni mtu wa namna hiyo. Alisema tu, "Nilikuwa gia ya kwanza, fundi," mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Nikapandwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mtu amembeba mama wa watu kwenye machela mpaka mabega yamechubuka, amelala kwenye kiti cha gari, na sasa anaambiwa mkosaji ni yeye, na anayemwambia anajua.

Mkaguzi wa magari wa ofisi ya afya alipiga simu kwamba atafika saa tano kuchukua ripoti. Ofisi yao ina kanuni moja kali: dereva akiandikwa uzembe huku ana mgonjwa garini, anakabidhi ufunguo siku hiyohiyo. Taratibu ameendesha gari la kliniki miaka kumi na tisa. Hajui kazi nyingine.

Mjomba aliniita ofisini, chumba chenye meza moja na kalenda ya mwaka juzi.

"Andika wewe, una mwandiko wa kusomeka. Bamba lilifungwa ipasavyo. Sampo imepasuka kutokana na mwendo usiofaa kwenye mawe. Nukta."

"Mjomba, na ule mpira?"

Nilisema kwa sauti ileile ninayosemea kila siku, lakini safari hii alisikia bila kuniuliza mara ya pili.

"Mpira gani?" Hakuniangalia. Aliiangalia kalenda. "Mpwa wangu, karakana hii ndiyo iliyokusomesha. Ikipoteza kazi za ofisi ya afya, mimi na wewe tutarudi kuziba pancha za baiskeli. Yeye watampa kazi nyingine. Kafungue bamba, tuone kama sampo inazibika. Na chochote utakachokuta hapo, tupa."

Ni kweli alinisomesha. Aliuza pikipiki yake nilipoingia mwaka wa pili, akawa anakuja kazini kwa miguu na kusema anapunguza tumbo. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia vizuri, nikapumua. Lakini ni mtu mwema aliyeamua, kwa asubuhi moja, kumfanyia mwenzake ubaya, na alitaka mwandiko wangu uwe ndio mkono wake.

Nikashuka shimoni na spana kumi na saba. Boliti ya nne ilipoachia, bamba likashuka, na kile kipande cha tairi kikaniangukia kifuani. Kilikuwa kimebanwa mpaka kimekuwa chembamba kama ndala iliyochakaa. Nikamulika juu kwa tochi. Kwenye sampo, rangi ilikuwa imechapwa alama za tairi, vijimistari vile vya kukanyagia, wazi kama nyayo kwenye saruji mbichi. Ufa ulipita katikati yake. Nilikaa nikiutazama. Mle ndani ya zile alama mlikuwa na mkono wangu.

Sikukitupa. Nikakitia mfukoni mwa ovaroli, nikarudi ofisini, nikaandika ripoti.

Niliandika ukweli wote, ukurasa mzima, na mchoro nikachora: bamba, mpira, sampo, na mshale unaoonyesha pigo lilikopita. Nikaandika nani alikata mpira na nani aliupachika. Mjomba alikuja, akaona ukurasa umejaa mwandiko mzuri, akagonga muhuri bila kusoma. "Wasomi kwa maneno mengi!" alisema, akanipigapiga bega.

Nikajiona shujaa. Nikafikiri kazi yangu imekwisha: ripoti itasomwa, na mimi nitabaki nimenyamaza zangu.

Mkaguzi alitukuta wote ofisini saa tano na nusu, ana haraka, amevaa viatu vinavyoogopa oili. Aliichukua ripoti, akatazama muhuri, akasema, "Mwandiko safi," akaitia kwenye faili lake mezani na kufunga utepe.

Hakusoma. Hata mstari mmoja.

"Kwa kifupi, fundi. Tatizo ni nini?"

"Mwendo," mjomba alisema.

"Nilidhani hivyo. Madereva wakizeeka wanaanza kujiamini." Akanyoosha kiganja kwa Taratibu bila kumtazama usoni. "Lete ufunguo, mzee. Utaitwa kwa barua."

Taratibu akatoa shada lake la funguo. Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye pete moja na wa nyumbani kwake, na pete ilikuwa ngumu. Alijaribu kuipanua kwa ukucha. Ukucha ukateleza. Akajaribu tena, ameinamisha kichwa, uvumilivu uleule anaoendeshea. Mkaguzi alikuwa bado amenyoosha kiganja, akitazama saa.

"Samahani, bosi, imekaza kidogo," Taratibu alisema.

Alikuwa anaomba radhi! Ananyang'anywa kazi yake na anaomba radhi kwa kuchelewesha!

Mchomeleaji aliangalia viatu vyake. Mjomba aliangalia kalenda.

"Hana kosa," nilisema.

Mkaguzi akageuza shingo. "Umesemaje, binti?"

"Hajasema kitu," mjomba alijibu upesi. "Huyu ni mpwa wangu, mtaratibu tu, huwa anaongea peke yake."

Ufunguo ukatoka kwenye pete. Taratibu akauinua auweke kwenye kile kiganja.

Nilitoa kipande cha tairi mfukoni nikakitupa mezani, juu ya faili. Kilitoa mlio mdogo, lakini wote walikitazama, na sauti iliyonitoka sikuijua. Ilitoka mpaka uani, mwenye trekta aliyekuwa bado anasubiri akageuka.

"Nimesema! Nimesema dereva hana kosa. Hakukimbiza gari, hajawahi kukimbiza gari maisha yake yote. Bamba tulilibana kwenye sampo, likalia, tukaziba kelele kwa mpira huu. Nimeupachika mimi, kwa mkono huu, nikijua utafanya nini. Shuka shimoni uangalie sampo, alama za tairi ziko palepale ufa ulipo. Na hiyo ripoti ifungue uisome, sikuiandika ikae ndani ya utepe. Baba, rudisha ufunguo wako mfukoni."

Taratibu alibaki na ufunguo hewani, machozi yanamlengalenga. Mkaguzi akaanza, polepole, kufungua utepe wa faili.

Nikamgeukia mjomba. Alikuwa ameacha kuangalia kalenda, na uso wake ulikuwa uso wa yule mtu aliyekuja kazini kwa miguu mwaka mzima. Nilitamani kulia, na nilikuwa bado na hasira.

"Siku ile uliniuliza nimesemaje, mjomba, nikakwambia hamna. Neno lilikuwepo. Nilikuwa nasema acha vidole viwili."