Mawe ya Tangi la Pili

Mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Ndiyo maana niliposikia askofu anakuja kubariki bweni jipya la shule ya masista hapa Bashay, nilikausha tangi la pili la maji machafu, nikayatoa mawe yake na kuyasugua kwa brashi, moja moja, mpaka utelezi wote mweusi ukaisha. Matangi ndiyo kazi yangu. Askofu hata hakugeuza shingo.

Wiki mbili baadaye Renatus, fundi wa maji, alichovya kikaratasi chake cha kupimia kwenye maji yanayotoka tangini kwenda kijitoni. Maji yalikuwa maangavu, lakini kikaratasi kiligeuka rangi ya waridi iliyokolea. Nikamwambia kikaratasi chake kimeharibika. Akanieleza taratibu, na nikajikuta nasahau hasira, nauliza maswali tu. Tangi la kwanza hupulizwa hewa, na vijidudu vyake hugeuza mabaki ya mkojo kuwa naitreti, kitu kisichoonekana wala kunuka. Vijidudu vya tangi la pili huishi bila hewa kwenye utelezi wa mawe. Hao huivunja naitreti, ikatoka kama mapovu ya hewa isiyo na madhara. Nami nilikuwa nimewasugua.

Naitreti huwadhuru watoto wachanga, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Kwenye kijito hicho alikuwa anachota mama Restituta, jirani yangu. Kwa maji hayo alimkorogea maziwa ya kopo mjukuu wake wa miezi miwili aliyefiwa na mama. Niliteremka kwake siku hiyo hiyo, nikampa shikamoo, nikamwambia asichote tena, na kwamba kosa ni langu. Niliona aibu sana. Sasa ingembidi apande mpaka kisima cha juu, saa nzima, mtoto mgongoni.

Akaniuliza, "Mwanangu, kibuyu cha mgando unakiosha mpaka ndani kabisa?"

Nikasema hapana, lazima kibaki na maziwa ya jana, la sivyo ya leo hayagandi.

"Na huko kwenye tangi hukubakiza?"

Nikakumbuka mkono wangu mfupi. Mawe ya pembe ya chini kabisa sikuyafikia. Asubuhi niliyachokoa kwa fimbo, bado meusi, nikayachanganya na yale niliyoyasugua. Renatus akasema vijidudu wanahitaji pia chakula, basi kila siku nikawa nawamwagia jagi la maji ya machicha ya pombe, kisha nakaa kuchungulia. Siku ya tisa povu likapanda, dogo kama punje ya ulezi. Nilipiga makofi peke yangu.

Wiki ya nne Renatus alipima tangini na kijitoni. Vikaratasi vyote viwili vilibaki vyeupe.

Mama Restituta alikuwa anapita kuelekea kisima cha juu. Akachungulia tangi, akakunja pua.

"Paskalina, mbona pachafu hivi?"

"Pachafu sana, mama," nikamwambia, machozi yananilenga. "Rudi chini ukachote."