Fedha za Kupima Kijito

Mgeni alipokataa sukari nilianza kumtilia shaka. Mtu anayekuja kumpa binti yako fedha, halafu akaikataa sukari yako, ana lake jambo. Alikuwa afisa wa kiwanda cha kutia nguo rangi, kile kilicho kando ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba yetu. Alitabasamu muda wote; meno yake hayakupumzika. Chai haijapoa, mke wangu alikwisha kumbatiza jina jikoni: Meno.

Kitinda mimba wetu anasomea sayansi ya mazingira, na utafiti wake ni juu ya kijito hichohicho. Aliomba ufadhili kila mahali, na kila mahali wakamkatalia kwa adabu. Chuo nacho kikamwambia asipopata fedha za maabara kabla muhula haujaisha, utafiti wake umekufa. Ndipo mfuko wa mazingira wa kiwanda ukamkubalia.

"Tangu lini panya akachangia kumnunua paka?" nikauliza.

Meno akacheka. "Mzee, nyakati zimebadilika. Sisi tunataka ukweli."

"Na kingine?"

"Kidogo tu. Binti atujulishe siku atakayokuja kuchukua sampuli, walinzi wamfungulie geti. Ni kwa usalama wake."

Mimi nilikagua tiketi kwenye garimoshi mpaka nikastaafu. Siku abiria walipojua kwamba mkaguzi yumo, kila mtu alikuwa na tiketi, hata vichanga. Nikamtazama binti yangu nikitumaini ameona. Yeye akasema, "Hakuna shida, nitawaambia," akatia saini.

Mgeni alipoondoka sikuvumilia. "Mwanangu, wamekununua."

"Wameomba siku tu, baba."

"Siku ndiyo yote. Watafunga mabomba, maji yatapita safi, nawe utaandika kwamba kijito ni kizima. Sikusoma shule ya usiku nikisinzia juu ya vitabu ili mwanangu awe wakili wa kiwanda."

"Mwache mtoto," mama yake akasema. "Wewe hata daktari akikupa dawa unamwambia aanze yeye."

"Na bado niko hai."

Kuanzia hapo tukabaki na salamu tu. Binti akaja na mabuti mapya ya mpira. Sikuuliza nani kayalipia. Nilijua, au nilidhani najua.

Siku ya sampuli nilivaa koti langu la kazi nikamfuata bila kualikwa. Kijito kilichokuwa cha zambarau jana yake kiling'aa kama maji ya kunywa. Meno alikuwa ukingoni.

"Chota popote, binti. Na mzee pia, karibu."

Binti yangu akajaza chupa moja, akanipa niishike. Kisha akatoa mkobani bomba refu la plastiki inayoonyesha kilichomo, akaingia majini hadi magotini, akalididimiza chini kwa uzito wake wote. Alipolichomoa lilikuwa limejaa tope, tabaka juu ya tabaka: jeusi, zambarau, kijani, jekundu, jeusi tena.

Meno yakafunikwa na midomo. "Hilo la nini? Si tulikubaliana maji?"

"Tulikubaliana kijito," akasema binti yangu. "Maji hupita. Tope hubaki na kila mlichomwaga. Nilieleza tangu ombi la kwanza. Ninyi mliniuliza siku tu."

"Hilo halitoki hapa mpaka nizungumze na wakubwa."

"Zungumza nao. Fedha za maabara ziko chuoni tangu wiki iliyopita."

Meno akatoa simu, akatugeuzia mgongo. Sisi tukatoka. Geti lilikuwa wazi, kama alivyoahidi, kwa usalama wake.

Njiani nikauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua, baba, uso wako ungemwambia. Wewe hujui kuficha."

Nikalibeba lile bomba wima, kama alivyoniagiza, matabaka yasichanganyike. Kila tuliyepishana naye mpaka maabara nilimtazama vizuri, mikono yake kwanza, kama nilivyowakagua abiria.