Kidole cha Mama Picha

Asubuhi ile Jembe alikuwa anasafiri. Begi lake lilishasimama mlangoni mwa studio na teksi ilishaitwa, lakini mwenyewe alikuwa bado kaketi mbele ya kompyuta, anapekua picha za nyumbani. Alitaka moja tu, ya kwenda kubandika ukutani huko alikopata kazi. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Picha, alikuwa anafuta vumbi kwenye taa zisizo na vumbi, akijitia hana wasiwasi. Wasiwasi alikuwa nao tele.

Jembe si jina alilopewa na marehemu baba yake. Mama ndiye aliyembandika jina hilo, tangu binti huyu alipoanza kubeba taa, kusafisha picha kwenye kompyuta, kupika, na kumkimbiza mdogo wake hospitali. "Hili ndilo jembe langu," Mama aliwaambia wateja, wateja wakacheka, na Jembe naye akacheka. Mdogo wake aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Kitinda alikuwa na pumu tangu utotoni, pumu isiyo na adabu, inayoingia bila hodi. Pampu yake ya dawa ilikaa mfukoni mwa Jembe, maana Kitinda hupoteza kila kitu isipokuwa maneno.

Sasa tuseme habari ya kamera, kwa sababu yote yalitokea humo. Kwa miaka mingi Mama Picha alitumia kamera nyeusi, nzito, yenye kitufe kilichong'aa kwa kubonyezwa. Kitufe kile kilikuwa na tabia yake. Ukikibonyeza nusu, kamera inaushika uso ulioulenga, na ukikaza kidole hapo hapo haiuachi, hata ukiigeuza pembeni. Ukimalizia kubonyeza, kacha, picha imetoka. Baadaye ikaja hii mpya, yenye kioo cha kugusa mgongoni. Hapa hakuna kubonyeza. Unagusa uso unaoutaka, kamraba ka kijani kanauzunguka, na picha inapigwa palepale. Siku za mwanzo ilimuumbua: alipochungulia, pua yake iligusa kioo, kamera ikapiga kabla bwana harusi hajafunga mdomo. Alipoizoea, hakutaka tena kusikia habari za kitufe. Ile ya zamani aliizungushia taulo kuukuu akaitia kabatini.

"Mama," Jembe akaita bila kugeuka. "Hebu njoo."

"Umepata?"

"Njoo kwanza."

Kwenye kompyuta palikuwa na picha ya mabinti wawili mbele ya keki. Kitinda alikuwa wazi kabisa, hata kope zake zilionekana moja moja. Jembe, aliyekaa mbele yake kidogo, alikuwa na ukungu, kama mtu aliye nyuma ya dirisha lenye mvuke. Jembe akafungua nyingine. Kitinda wazi, Jembe ukungu. Akafungua nyingine, na nyingine tena. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Lenzi hii ndivyo ilivyo," Mama akasema. "Inamshika mmoja, mwingine anafifia. Wateja siku hizi ndiyo wanaitaka hiyo."

"Hilo najua. Ila mbona kila siku mmoja huyo huyo?"

"Kamera inajichagulia yenyewe, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye ninayesafisha picha humu ndani. Kamera haichagui kitu. Inakwenda kidole kinapogusa."

 Mama Picha akatafuta pa kushika, akazikumbuka picha zilizotundikwa ukutani. "Na zile je? Pale si uko wazi?"

Jembe akazitazama. "Zile nilijitengeneza," akasema. "Kabla hatujazichapisha nilikuwa nabaki hapa kwenye kompyuta nazichonga nyusi zangu, najichora macho. Hukumbuki uliniambia sura yangu imekauka kama sanamu ya dukani? Ulicheka sana siku ile."

Alikumbuka. Alikuwa amecheka mpaka akashika mbavu, na Jembe akacheka pamoja naye. Aibu ilimpanda Mama Picha mpaka masikioni.

"Sikulaumu," Jembe akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mgonjwa ndiye wa kutazamwa. Hata mimi namtazama yeye. Nilitaka tu niondoke na moja ambayo sikujitengeneza mwenyewe."

Mama Picha hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, hata watu hao wakiwa wanawe. Alipokuwa na uchungu alifanya kazi. Akashusha pazia jeupe, akawasha taa, akavuta benchi katikati, akapaza sauti: "Kitinda! Vaa viatu uje, tunapiga picha ya safari!"

Kitinda akaja na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Picha ya safari ya nani? Mimi sisafiri."

"Utasafirishwa usiponyamaza," dada yake akamwambia. Wote wakacheka kidogo, kicheko cha kuazima. Jembe akakaa kwenye benchi. Kitinda akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Mama Picha akainua kamera mpya. Safari hii alijua anachokifanya. Uso wa Jembe ulikuwa pale kwenye kioo, chini kidogo, umemkabili, unamngoja. Akasogeza kidole. Kitinda akavuta pumzi, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na mluzi mwembamba ambao mtu mwingine yeyote asingeusikia. Kamera ikapiga.

Kamraba ka kijani kalikuwa usoni pa Kitinda.

Mama akafuta picha ile haraka. "Ulipepesa," akamwambia Jembe.

"Haya, rudia."

Akarudia. Aliuma meno, akakikodolea macho kidole chake kama mtu anayemchunga mwizi, lakini Kitinda alisafisha koo tu, na kidole kikapanda juu chenyewe. Mama Picha akaogopa. Hakikuwa kioo kilichomwogopesha. Usiku mwingi alikuwa amelala ameweka mkono huo huo kifuani pa mtoto yule, akisikiliza kama pumzi inaingia na kutoka, na sasa mkono haukujua kazi nyingine. Alimpenda Jembe. Angeapa mbele ya yeyote kwamba anampenda. Lakini kidole hakikuwa na ushahidi huo.

Nje teksi ikapiga honi.

"Basi, Mama," Jembe akasema, akianza kuinuka. "Nitachukua hata ile ya keki."

"Kaa!" Ilitoka kwa ukali kuliko alivyotaka. "Kaa, mwanangu. Tafadhali."

Akafungua kabati, akaivua taulo kamera ya zamani. Alitegemea kuikuta imekufa. Taa yake ndogo ikawaka mara moja.

"Nilikuwa naichaji," Jembe akasema. "Nilijua ipo siku utaitaka."

Mama Picha akaifuta lenzi kwa taulo lile lile. Akaweka jicho kwenye tundu. Humo hamkuwa na kioo cha kugusa, mlikuwa na giza na dirisha dogo la mwanga. Akaulenga uso wa Jembe katikati kabisa, akabonyeza nusu. Kamera ikaushika. Akakaza kidole, akaigeuza taratibu mpaka Kitinda naye akaingia.

Hapo ndipo Kitinda alipoanza kukohoa. Safari hii haikuwa kusafisha koo. Kilikuwa kile kikohozi chenyewe, kinachomkunja mtu mara mbili na kumwacha akiitafuta hewa kwa mdomo wazi. Kila mshipa wa Mama Picha ulitaka kuruka. Mkono wa Jembe ulishaingia mfukoni kuitafuta pampu, na kichwa kilishaanza kugeuka.

"Usigeuke," Mama akasema. Kidole kilikaa nusu njia palepale. "Jembe, niangalie mimi."

Jembe akamwangalia.

Kacha.

Kamera ikabaki inaning'inia shingoni, na Mama Picha alishafika kwenye benchi. Wakamkalisha Kitinda, Jembe akaitikisa pampu, akamwekea mdomoni, akamhesabia pumzi kama alivyomhesabia tangu wakiwa wadogo. Taratibu mluzi ukapungua. Kitinda akafuta machozi ya kikohozi, akasema, "Mmenipiga nikiwa nimetoa ulimi, si ndiyo?" 

Jembe akaichukua pampu, akaishika kidogo, kisha akaitia kwenye kiganja cha mama yake na kuvifunga vidole juu yake. "Sasa itakaa kwako," akasema. "Usimpe mwenyewe, ataipoteza."

Honi ikalia tena. Mama Picha akaitazama picha kwenye kamera. Nyuma palikuwa na ukungu, mtu aliyeinama akiziba mdomo kwa mkono. Mbele yake alikaa mwanamke mtu mzima, wazi kutoka kidevuni mpaka kwenye nywele, macho yamemjaa machozi ambayo hayajadondoka. Chini ya macho palikuwa na weusi wa uchovu. Kwenye paji la uso palikuwa na mkunjo mmoja mrefu, na Mama Picha, anayejipatia riziki kwa kutazama nyuso za watu, hakujua ulianza lini.

Akaketi kwenye kompyuta ili aichapishe. Kwa mazoea mkono ukaenda kwenye kipanya, aulainishe ule mkunjo, apunguze ule weusi, binti yake apendeze huko aendako.

Jembe, aliyesimama nyuma yake na begi begani, akaushika mkono wa mama yake.

"Usiiguse, Mama," akasema. "Itoe hivyo hivyo."