Piketi Kumi na Mbili Nyuma ya Kalasi ya Tano

Weye unayesoma hii karatasi, ulipita pale. Usikatae. Kila siku ya soko unapanda na kikapu yako ya sombe, ile majani ya muhogo, unafika kwenye ile shimo ya erozio yenye mvula inachimba nyuma ya nyumba ya masomo, na unainama sawa mutu anayefunga kamba ya kiatu. Na hauvae hata viatu vya kamba! Sandali tu. Nilikuona.

Donc nitakuambia kile ulikataa kuangalia.

Maîtresse Germaine, mwalimu wetu, alitumwa kwetu Butembo toka Kisangani mbele vita ya pili ya inchi yetu ianze. Vita ikafunga barabara, akabaki na batoto betu ba mwaka wa tano. Vitabu hapana, chaki ya kuomba-omba. Akachukua basini ya kufulia, akaijaza udongo: nusu moja yenye majani, nusu tupu. Akaiinamisha juu ya tofali, akamwaga maji. Upande wa majani maji ikatoka polepole. Upande mutupu udongo wote ukatelemuka.

Falonne, binti ya Papa Kambere, akasema: "Maîtresse, hii ni nyuma ya kalasi yetu kabisa."

Basi mvula ikinyesha bakaenda kupima. Saa ya maîtresse ilibakia ku barrière, kizuizi ya njia ya Beni, ku mukono ya askari. Falonne akaweka kidole ku shingo, akahesabu mapigo ya moyo, mwenzake akiachilia ganda ya maharagi mu mufereji yenye inashuka ku shimo. Hatua kumi, mapigo ine. Mvula ingine: mapigo tatu. Maji yote ya manjanja, ile mabati ya paa, ilikuwa inakimbilia ku shimo, na kila mvula inaongeza mbio.

Ju bakubwa baamini, maîtresse akapanda piketi kumi na mbili, ile vijiti ya bambu, hatua moja-moja, toka ukingo wa shimo mpaka ku ukuta wa kalasi. Piketi ikianguka, batoto baandike tarehe. Juma ya kwanza zikaanguka mbili. Juma ya pili, moja. Juma ya tatu hapakubaki hata moja: Mama Marie-Jeanne, mwenye shamba ya maharagi pembeni, alizing'oa zote tisa na akapikia sombe.

Comité ya bazazi ikaita mukutano. Papa Kambere njo président.

"Mama, kwa nini umenifanyia vile?" maîtresse akauliza.

"Kwa nini? Miye nilishaona piketi, maîtresse! Kule Kalunguta, ku shamba ya kaka yangu, balipanda piketi asubuhi, magaribi komanda wa askari akaanza kuvuna. Leo unaniambia piketi ni masomo?"

"Ninapima shimo, mama."

"Shimo iko pale pale! Unaipima ju uiuze?"

Batu bakacheka. Mumoja nyuma akapiga kelele: "Auze! Mununuzi ataishi ndani na mbuzi yake!"

"Mama Marie-Jeanne," maîtresse akasema, sauti imechoka, "shamba yako nitaibeba mpaka Kisangani na nini? Ku kichwa?"

Marie-Jeanne hakucheka. Na miye simulaumu. Ule woga hakuzaliwa nao; benye bunduki balimupandia. Nakumbuka kila shamba yenye balichukua, na nakumbuka nani kati yetu alibashikia kamba ya kupimia.

Falonne akasimama na kaye yake ya kuandikia. "Papa, nimeendelea kupima na hatua zangu, toka shimo mpaka ku ukuta. Zilikuwa kumi na mbili. Kisha mvula ya siku ya mungu zimebaki saba."

"Nyamaza, bakubwa banasema." Halafu Kambere akakata shauri: "Tutaandikia bureau."

Bureau! Ya nani? Mwaka huu tu tumeona stempu tatu, kila moja inasema ni yenyewe serikali. Barua ikarudi: dossier iko mu étude, ati bado banaichunguza.

Jana, kisha mvula, nilienda kupima mwenyewe. Hatua tatu. Ku ukuta muko ufa, mukono unaingia. Na hii asubuhi batoto makumi ine na mbili bameketi mule, ju kalasi zingine bakimbizi banalala. Maîtresse alitoa benchi inje. Kambere akazirudisha, ati inspecteur akipita atasema nini. Binti yake mwenyewe ameketi ku ukuta!

Mutu mumoja tu amegeuka. Leo saa moja Mama Marie-Jeanne alikuya ku masomo na jembe ku bega. "Mufereji mupya upite mu maharagi yangu, maji iende ku mutelemuko yenye majani. Mais piketi, hapana! Mutachimba kwa kuangalia na macho." Ameshaanza, yeye na maîtresse. Banawake babili, mufereji ya hatua makumi sita.

Mawingu imeshajaa upande wa Masereka. Kisha midi, saa sita, itanyesha. Acha hii karatasi. Ingia mu kalasi ya tano, toa mutoto wako na wa jirani, na Kambere akisimama ku mulango, musukume. Kisha shika jembe, leta magunia, uanze pale Mama Marie-Jeanne amefika. Simama. Sasa hivi!