Majivu ya Kibuyuni

Kanze aligeuza jani la kunde, akaona upande wa chini, moyo ukampasuka. Vidukari! Weusi tititi, wamejazana mpaka kwenye vikonyo vya maua, na sisimizi wakipanda na kushuka utadhani wao ndio wenye shamba. Alipoliachia jani, vidole vilimnata.

Mashina hayo kumi na saba, nyuma ya vyumba vya wafanyakazi wa reli pale Changamwe, ndiyo kunde pekee zilizosalia katika ukoo wao. Mwaka wa jana, 1943, njaa iliwafanya watu wa Kaloleni wale hata mbegu. Mama yake, Kafedha, alificha konzi moja tu, akamletea kwenye kibuyu. Kule, alisema, mvua imegoma, huku kuna bomba la maji. Azipande, naye angekuja kuchukua mbegu mpya kabla ya masika.

Dawa ya vidukari Kanze aliijua tangu utotoni: majivu, yanyunyizwe alfajiri umande ungali majanini. Ila atayatoa wapi, na mtaa mzima wapikia makaa ya mawe yaliyookotwa relini?

Mumewe Fondo, aliyesafisha matanuri ya magari ya moshi, hakuona tatizo lolote.

"Majivu tu ndiyo yakulizayo?" alicheka. "Sisi twayamwaga madebe kwa madebe!"

Akaleta debe zima. Yalikuwa laini, ya kupendeza, ila yalinuka kiberiti. Kanze alisita. Lakini angefanyaje? Majivu ni majivu, alijiambia, akanyunyiza.

Vidukari walikufa, majivu hayo tuyape haki yake. Siku ya tatu majani yakaungua kingo. Akachota maji ndoo kwa ndoo, akayaosha jani kwa jani, na wapi! Siku ya tano maua yakapukutika. Akabaki kusimama tu na ndoo mkononi, na hakuna mateso kama hayo.

Jumamosi Kafedha akaja na kikapu kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliinama, akasugua jani, akanusa. "Haya si ya kuni."

"Ni ya gari la moshi, mama."

Kanze alingoja matusi. Hayakuja.

"Na yale niliyokujazia kibuyuni, yaliyofunika mbegu, uliyatia wapi?"

Siku ya kupanda alizipepeta mbegu mpaka zikang'aa, akayamwaga majivu yote mtaroni, majirani wasimwone mshamba.

"Niliyatia mengi makusudi," Kafedha alisema taratibu. "Nilijua huku huna kuni."

Akaketi chini penye mashina, akaanza kupasua maganda machache yaliyokaukia juu, moja baada ya moja, akitafuta mbegu. Jana Kanze alikwisha kuyapasua yote ya upande wa pili, akajua hata haya hayana kitu. Hakuweza kumwambia. Aliketi kando yake, akapasua naye.